Mama amenyamaza tangu ahamie makao ya wazee: ni uzee, ni sonona, au ni dawa?

SWALI: Mama yangu ana miaka 76. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34. Baba alipofariki alibaki peke yake kihambani, yaani kwenye shamba letu la nyumbani, Kilimanjaro, na miezi mitano iliyopita tulikubaliana naye ahamie makao ya wazee yanayoendeshwa na kanisa. Ana chumba chake. Anatumia dawa za presha na sukari. Mwezi wa kwanza alikuwa mchangamfu. Sasa hazungumzi, analala mchana kutwa, nguo zinampwaya, aliwahi kuanguka usiku akienda chooni, na mara mbili ameniita kwa jina la shangazi. Wahudumu wanasema ni uzee tu, wamempa kidonge cha usingizi. Nilipomuuliza kinachomsumbua alijibu, "Hapa mimi ni bibi tu." Ndugu wanasema nimemtupa mama. Kazi yangu iko Dodoma. Je, ni uzee, ni huzuni, au ndiyo ugonjwa wa kusahau unaanza? Nimrudishe nyumbani?

JIBU: Dada, pole sana, na pole zaidi kwa maneno ya ndugu. Nikujibu kwanza lile lisilosubiri: usiamue lolote kuhusu kumhamisha kabla mama hajapimwa, na apimwe wiki hii. Uzee hupunguza mwendo na humfanya mtu ahangaike kukumbuka majina. Haumnyamazishi mwalimu mchangamfu ndani ya miezi minne. Ukisikia "ni uzee tu" kuhusu badiliko la haraka kiasi hicho, jua hakuna aliyechunguza.

Mambo matatu yanaweza kufanana kwa macho. La kwanza ni mkanganyiko wa ghafla, unaoingia kwa saa au siku chache na kupanda na kushuka ndani ya siku moja: asubuhi anakutambua, jioni anakuita shangazi. Mzizi wake uko mwilini, yaani dawa, ukosefu wa maji, sukari kushuka, maambukizi, kufunga choo au maumivu. La pili ni sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, inayojengeka kwa wiki kadhaa. La tatu ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, ambao hutambaa kwa miezi na miaka. Yote matatu yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, lakini yanashughulikiwa kwa kufuata kasi yake, la haraka likitangulia. Mtu aliyekanganyikiwa akipimwa kumbukumbu siku hiyo ataonekana ana ugonjwa wa kusahau hata kama hana, na atabaki na jina hilo kwenye faili maisha yake yote.

Waulize wahudumu hali hii ilianza lini hasa, na kama asubuhi na jioni mama yuko sawasawa. Kisha ukiwa naye, mwombe akutajie siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Mwalimu wa miaka 34 hiyo haimshindi. Akiishia Ijumaa, akapotea, akaangalia dirishani, akasahau mlikuwa mnafanya nini, kilichoyumba ni umakini, na umakini unapoyumba unamtafuta daktari wa mwili kabla ya mwingine yeyote. Mkanganyiko wa aina ya kimya ndio unaopitwa mara nyingi zaidi. Mzee anayepiga kelele anaitiwa daktari usiku huohuo, anayelala kutwa anasifiwa kwa utulivu wake.

Kuna dalili zinazotaka hospitali leo, si wiki hii: akiwa haamki vizuri ukimwita, akiwa na homa, au mwili umekuwa wa baridi isivyo kawaida, akiwa hajakojoa kwa saa 12, sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au akiwa anasinzia zaidi, analalamika kichwa au anaburuta mguu mmoja tangu alipoanguka. Hilo la mwisho nakuomba ulitamke mbele ya daktari hata kama hakuulizi. Kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu na kuleta usingizi na mkanganyiko wiki kadhaa baada ya kuanguka, wakati kila mtu ameshalisahau tukio lenyewe. Kama anatumia aspirini, hatari inaongezeka.

Sasa lile neno lake, "hapa mimi ni bibi tu." Wengi hulichukua kama manung'uniko ya moyoni yanayoweza kusubiri matibabu yaishe. Mimi ningeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, kwa sababu katika makao ya wazee heshima iliyopungua ina njia yake ya kuingia hadi kwenye figo na ubongo, na njia iliyo fupi kuliko zote hupitia chooni.

Uliza nani anamsindikiza mama chooni, choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, mlango unafungika, na usiku kuna taa. Mwanamke aliyesimama mbele ya darasa nusu ya maisha yake hatamwita kijana wa miaka 22 amshike mkono kwenda haja. Atapunguza kunywa. Ataacha chai ya saa kumi kwanza, kisha maji ya chakula cha jioni. Baada ya wiki mbili ulimi ni mkavu, choo ni kigumu, mkojo una rangi ya chai ya rangi, na dawa ya presha, hasa ile inayokojosha, inaendelea kuutoa mwilini hata ule unyevu kidogo uliobaki. Akisimama anaona kizunguzungu, na usiku mmoja anaanguka. Anapoanguka anaambiwa asisimame tena bila kuita mtu. Sasa lazima aombe kila mara, kwa hiyo anapunguza kunywa zaidi. Jagi la maji liko mezani pake, limejaa, na kila anayepita anaona mzee huyu hakosi maji.

Mwanamke wa umri wake anahitaji kunywa takriban lita 1.6 kwa siku, sawa na vikombe vinane vya mililita 200. Chai, uji, maziwa na supu vyote vinahesabika. Visambazwe hivi: viwili asubuhi, kimoja saa nne, viwili mchana, kimoja saa kumi, viwili kabla ya saa moja usiku, halafu akitaka, mafunda tu ya kumezea dawa. Asingoje kiu, maana kiu hudhoofika na umri na mzee anaweza kukauka bila kuisikia. Kikombe kiwe chepesi, chenye mkono, kijazwe nusu kisha kiongezwe, kwa kuwa jagi la lita mbili kiganja chenye yabisi hakiliinui. Na mhudumu asimuulize "bibi, utakunywa maji?" kwa sababu jibu ni hapana. Aulize, "Mwalimu, nikuletee chai au maji ya limau?" Kama daktari aliwahi kusema moyo wake au figo zina shida, kiasi hiki kipangwe naye kwanza.

Choo nacho kiwe na ratiba, ili asilazimike kuomba: anapoamka, baada ya kila mlo, saa kumi, na kabla ya kulala. Mhudumu awe mwanamke, ikiwezekana yule ambaye mama mwenyewe amemchagua. Usiku ndoo yenye kiti iwekwe karibu na kitanda, upande anaoamkia. Ukutani chooni uwekwe mshikio, sakafu ikauke kabla ya saa ya kulala, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vyepesi vinavyofunga kisigino. Zikipita siku tatu bila yeye kupata choo kikubwa, wahudumu wasingoje ya nne. Choo kilichoziba peke yake kinatosha kumkanganya mzee na kuzuia mkojo.

Hapo hapo nikutahadharishe. Watapima mkojo, na huenda karatasi ikaonyesha vijidudu, kisha utaambiwa "ni UTI" na mama apewe dawa. Wanawake wengi wazee, hasa wanaoishi makaoni, wana vijidudu kwenye mkojo bila kuugua. Kama hana homa, maumivu wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu au haja za mara kwa mara zilizoanza karibuni, kipimo hicho hakijaeleza kwa nini amenyamaza. Dawa inaweza kumharisha, akakauka zaidi, na aliyekuwa anatafuta sababu ataacha kutafuta.

Twende kwenye dawa. Chukua mfuko mmoja, tia ndani kila kidonge kilichoko chumbani, kabatini mwa wahudumu, na vile vya kununua dukani, uende navyo hospitali. Orodha ya kuandikwa haitoshi, kwani haina piritoni alizopewa za mafua wala dawa ya maumivu aliyopewa na jirani. Mtajie daktari makundi haya moja moja.

Kidonge cha usingizi ndicho cha kwanza. Kama ni diazepamu, hukaa mwilini mwa mzee kwa siku nyingi, kwa hiyo kidonge cha jana kinajilimbikiza juu ya cha juzi, na matokeo yake ni hayohayo unayonieleza: kulala mchana, kuyumba, kusahau, kuanguka. Amitriptilini na piritoni, ambazo nazo hutumika kama dawa za usingizi kimya kimya, hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo na hutia ukungu akilini. Ila msiache ghafla kama ameshatumia kidonge cha diazepamu kila usiku kwa zaidi ya wiki nne. Kishushwe kwa robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, daktari akijua.

Kisha angalia dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Zikikutana na dawa fulani za presha na ile ya kukojosha, ndani ya mtu asiyekunywa maji ya kutosha, figo hupigwa kutoka pande tatu. Kwa maumivu ya magoti panadoli kwa ratiba ni salama zaidi, mradi mtu anayejua uzito wake na hali ya ini lake apange kiasi.

Dawa ya sukari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kama ni glibenklamidi, soma ratiba ya chakula ya makao hayo. Makao mengi hutoa chakula cha jioni mapema ili wapishi warudi kwao. Tuseme ni saa kumi na moja jioni, na chai ni saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 15 bila chakula, na kidonge kinaendelea kusukuma sukari chini usiku kucha. Mama aliyekula vijiko vitatu vya ugali akasema ameshiba anaweza kushuka sukari saa tisa usiku, akaamka kwenda chooni akiwa anatetemeka, akaanguka, na asubuhi akaonekana "amechanganyikiwa." Omba apimwe sukari kabla ya kulala, saa tisa usiku na alfajiri, kwa siku tatu mfululizo. Ikishuka chini ya 4 naye anameza vizuri, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Kwa mzee dhaifu hakuna haja ya kuibana sukari kama ya kijana. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikiwa karibu na asilimia 8 kinakubalika, na glibenklamidi mara nyingi inaweza kubadilishwa. Kama anatumia metifomini kwa miaka mingi, aongezewe kipimo cha vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta usahaulifu, ganzi miguuni na huzuni.

Vipimo vingine vya kuomba ni vya kawaida tu: wingi wa damu, kriatinini ya kupima figo, sodiamu yaani chumvi ya damu, tezi ya shingo, malaria, na presha akiwa amelala dakika tano kisha akisimama, ipimwe baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, au ya chini kwa 10, dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya. Masikio yatazamwe ndani, kwa kuwa nta ngumu imewanyamazisha wazee wengi waliodhaniwa wameacha kupenda mazungumzo. Macho pia: mtoto wa jicho anatolewa, na mwalimu asiyeweza kusoma amepoteza zaidi ya macho. Kwenye hospitali ya serikali nenda dirisha la wazee na kitambulisho chake. Sera yetu inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo.

Nguo kupwaya ni dalili yenye namba. Uliza alipofika alikuwa na kilo ngapi. Kama alikuwa na 60, kupoteza 3 ndani ya mwezi mmoja au 6 ndani ya miezi sita si jambo la kungojea. Apimwe tarehe ileile kila mwezi, kabla ya chai, akishakojoa. Kinachokosekana kwenye sahani za makao mengi ni protini. Kwa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku, iwapo figo zake ni nzima. Mayai mawili yana 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa takriban 15, na kipande cha samaki au nyama cha gramu 100 kinaongeza zaidi ya 20. Uji mtupu na ndizi mbili haziukaribii mstari huo. Maziwa ya unga vijiko viwili vya chakula ndani ya uji, yai lililopigwa ndani ya mtori ungali motoni ukaiva vizuri, dagaa waliosagwa ndani ya mchuzi: hayo anakula hata mwenye meno ya bandia yanayolegea. Mwili ukikonda fizi nazo hukonda, meno ya bandia yanapiga kidonda, na mtu anaanza kusema hana hamu ya kula. Yaangalieni kabla ya kumpa dawa ya hamu.

Tukimaliza hayo ndipo tunaiuliza sonona, na hatuiulizi kwa kukisia. Kipo kipimo cha maswali 15 ya ndiyo na hapana kilichotungwa kwa ajili ya wazee. Makusudi hakiulizi usingizi wala hamu ya chakula, kwa sababu hivyo mzee anaweza kuvipoteza kwa sababu nyingine. Kinauliza kama ameacha mambo aliyoyapenda, kama anaona maisha yake yana maana, kama anajisikia hana thamani. Alama 5 au zaidi zinataka mtaalamu akae naye. Kinachoharibu kipimo hiki kwetu ni mahali pa kuulizia. Akiulizwa ukumbini, wenzake wakisikia, mhudumu akiwa ameshika kalamu, atajibu "nashukuru Mungu" mara 15. Aulizwe chumbani, mlango umefungwa, kwa lugha anayoiotea ndoto. Kama ni Kichaga, basi Kichaga. Na anayeuliza ajue kuwa kizazi chake hakisemi "nina huzuni." Kinasema moyo mzito, mwili wote unauma, nimechoka, usingizi umekataa.

Aulizwe pia, kwa sauti ya kawaida, kama anatamani asiamke. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mzee aliyechoka kuishi mara nyingi hafanyi jambo la kishindo. Anafunga mdomo kwenye chakula, anaficha dawa chini ya mto. Ikitokea hivyo, daktari amwone siku hiyo. Sonona ya uzeeni inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa kumrudisha kwenye shughuli, na kwa dawa inapohitajika. Dawa huanza kwa kiasi kidogo, huchukua wiki nne hadi nane kuonekana, na sodiamu ipimwe tena baada ya wiki mbili hivi, hasa kama anatumia dawa ya kukojosha.

Narudi kwenye "bibi." Kwetu ni neno la heshima, na wahudumu wanalitumia kwa nia njema. Ugumu unaanza pale wazee ishirini wote wanapokuwa bibi na babu, na hakuna anayehitaji kujua nani ni nani. Mtaani kwake alikuwa Mwalimu, alikuwa mama wa mtoto wake wa kwanza, alikuwa mke wa marehemu, alikuwa mwenye kihamba kile chenye migomba ile. Majina yote hayo yalibaki getini siku ya kuhamia. Muulize yeye anataka aitwe nani. Usimchagulie, kwa sababu wapo waliochoka na ualimu wasiotaka kuusikia tena. Kisha andika karatasi moja, moja tu, kwa herufi kubwa, ibandikwe nyuma ya mlango wake na nakala iwe kwenye faili. Iwe na jina analotaka na lugha zake, alifundisha wapi, na darasa gani, mambo matatu anayoyapenda na mawili yanayomkera, anaamka saa ngapi kwa hiari yake, chai yake inakuwaje, anasali vipi, nani amguse na nani asimguse wakati wa kuoga. Karibu nayo weka picha yake akiwa kazini. Mhudumu mgeni akiingia na kumkuta mtu yule pichani kasimama mbele ya ubao, anamshika mkono tofauti.

Mpe vitu vinavyofungwa na kufunguliwa na yeye: ufunguo wa kabati, mkoba, saa ya mkononi, pesa kidogo za kumtuma mtu. Uongozi utasema vitapotea. Vipotee vichache. Mtu asiyeshika ufunguo wowote anajifunza haraka kwamba hana mlango.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha jaribio walilofanya katika nyumba ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao yako mikononi mwao, wapange vyumba wapendavyo, wachague usiku wa sinema, wachague mmea na kuutunza wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila wakaambiwa wauguzi watautunza. Wiki tatu baadaye wale wa kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye shughuli zaidi. Utasikia pia kwamba walikufa wachache zaidi miezi 18 baadaye. Hesabu ya vifo hivyo watafiti wenyewe waliisahihisha, ikawa dhaifu kuliko ilivyotangazwa, kwa hiyo usiitumie kuwatisha wahudumu. Lile la kwanza linatosha kumpa mama maamuzi matatu kila siku: nguo gani, kunywa nini, kukaa wapi.

Na mpe kazi. Nasema kazi, kitu ambacho kisipofanyika kuna mtu atakikosa. Kukunja vitambaa ambavyo vitakunjuliwa tena ili avikunje kesho ni dharau, na mwalimu ataitambua siku ya pili. Makaoni humo wamo wazee wasioona kusoma ujumbe wa simu za watoto wao. Wamo wahudumu wenye watoto wa darasa la tatu wasiojua kugawanya. Nusu saa, siku tatu kwa wiki, saa nne asubuhi akiwa na nguvu, na mhudumu aje na daftari halisi na swali halisi. Anza na mtoto mmoja. Akikataa wiki ya kwanza msimsukume; mtu mwenye sonona hukataa hata anachokitamani, kwa hiyo aalikwe tena wiki inayofuata na mtu yuleyule, kwa maneno machache.

Usisahau kihamba. Kama baba amezikwa pale, mama amehamishwa mbali na kaburi lake pia, na huenda hakuna aliyelitamka hilo kwa sauti. Apelekwe mara moja kwa mwezi, mchana, arudi kabla ya giza. Anayevuna ndizi alete hesabu kwake, na pesa zipite mkononi mwake hata kama ni shilingi elfu kumi. Desemba ukoo ukikusanyika, aketi mahali pake.

Mwili nao ufundishwe upya. Mweke kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 asiyefikisha mara 10 ana miguu dhaifu na yuko kwenye hatari ya kuanguka tena. Dawa yake ni zoezi hilohilo, mara 10 asubuhi na 10 jioni, mwanzoni akishika mikono ya kiti, na mara tatu kwa wiki asimame kwa mguu mmoja ameshika kitu kizito kisichosogea. Apewe wiki nane kabla ya kusema halikusaidia.

Na swali la kumrudisha nyumbani? Si mwezi huu. Ukimhamisha akiwa amekanganyikiwa atakanganyikiwa zaidi, na hutajua kilichomponya wala kilichomuumiza. Wape makao wiki sita kuanzia siku ya vipimo. Kaa na msimamizi, mwandikiane mambo manne ya kupimika: vikombe vya siku, ratiba ya choo na nani anamsindikiza, uzito wa mwezi, na jina analoitwa. Ongea naye bila shutuma. Mhudumu mmoja mwenye wazee kumi na wawili asubuhi hana dakika za kubembeleza, na karatasi ile ya mlangoni itamsaidia yeye kwanza. Baada ya wiki sita, kama maji yanaandikwa lakini hayanywewi, kama kidonge cha usingizi kimerudi kinyemela, au kama wanakataa mlango wa choo ufungwe, hapo tafuta kwingine. Na mama mwenyewe, akili ikishatulia, akisema anataka kihamba chake, neno lake lina uzito kuliko langu na la ndugu. Lakini kama nyumbani atakuwa na dada wa kazi mmoja tu wa miaka 17, choo kiko nje, na wewe uko Dodoma, hatakuwa na mhudumu wa usiku. Ndugu wanaosema umemtupa, waulize kila mmoja atalala pale usiku wa siku gani. Andika majina. Ratiba ikijaa siku saba, mnayo nyumba ya kumrudisha.

Simu zako ziwe za saa tatu asubuhi, wakati yuko macho zaidi, siku zilezile kila wiki ili awe na cha kungojea. Acha kumuuliza kama amekula. Hilo muulize mhudumu. Mama muulize kitu unachokihitaji kweli: magadi kiasi gani kwenye kiburu, shamba la jirani lilipakana wapi na lenu, mtoto wako afundishweje kukopa anapotoa 17 kwenye 42. Kisha nyamaza, hata dakika nzima ikipita, mpaka ajibu.